Maswali Yenu: Herufi Elfu Nane kwa Vitufe Ishirini na Sita

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, kuandika kwenye simu na kompyuta lugha ambazo herufi zake hazienei kwenye vitufe. Nimefurahi sana, manake hili jambo nalipenda kweli na watu wengi wanalipita tu kwa sababu kibodi ya lugha yao inafanya kazi. Barua zingine nimeziunganisha, zilikuwa zinauliza kitu kilekile.

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mi huwa najiuliza, Kichina kina herufi maelfu, sasa hao watu wanachapaje meseji? Jamaa mmoja kaniambia kibodi yao ina vitufe mia kadhaa, nikamkatalia ila sikuwa na la kumjibu. Nisaidie nimalizane nae.

JIBU: Ulimkatalia vizuri. Ukikaa kwenye kompyuta ya Beijing utakuta kibodi hiihii ya a mpaka z, hata mpangilio ni uleule wa QWERTY uliotoka na mashine za kuchapa za Remington za mwaka 1874. Na herufi kweli ni nyingi, orodha rasmi ya serikali ya China ya mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kamusi ya mfalme Kangxi ya 1716 ina zaidi ya 47,000. Kinachofanyika ni hivi, mtu hachapi herufi yenyewe, anachapa maelezo ya ile herufi anayoitaka, afu katikati kuna programu inayasoma hayo maelezo na kumletea herufi. Hapo katikati ndo kuna kazi yote.

Maelezo yanaweza kuwa ya sauti au ya umbo. Wengi siku hizi wanatumia sauti, yaani pinyin, ule mtindo wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini uliopitishwa China mwaka 1958. Unachapa "shi", programu inakuletea 是 ambayo ni "ni", 十 ambayo ni kumi, 时 wakati, 事 jambo, na nyingine kibao, zote zinasomwa shi, zinatofautiana toni tu, yaani sauti inavyopanda au kushuka, na nyingine hata toni hazitofautiani. Utasema mbona hiyo inachosha, kila neno usimame uchague? Ingechosha kweli kama mtu angechapa herufi mojamoja, lakini mzoefu hafanyi hivyo, anamwaga sentensi nzima kwa mkupuo na programu inaangalia maneno yanavyofuatana ndo inaamua. "Shijian" ikiwa peke yake inaweza kuwa wakati, inaweza kuwa tukio, inaweza kuwa utendaji, ila ukiitia ndani ya sentensi mara nyingi inabaki moja tu yenye kuleta maana. Wengine hata hawamalizi neno, wanagusa "zg" tu na Zhongguo inakuja, yaani China yenyewe.

Njia ya umbo ina watu wake. Kuna Cangjie iliyobuniwa na Chu Bong-Foo mwaka 1976, na kuna Wubi ya Wang Yongmin ya 1983. Hizi unaivunja herufi vipande kichwani mwako, kila kipande kina kitufe chake, unabonyeza kwa mfuatano, na kwa Wubi hakuna herufi inayozidi mibonyezo minne. Uzuri wake huhitaji hata kujua ile herufi inasomwaje, na kuchagua kwenye orodha ni mara chache, ndo maana wachapaji wa kulipwa wengi waliipenda. Ubaya wake ni kwamba lazima ukariri vipande na vitufe vyake kabla hujaandika hata salamu. Mi Wubi naiheshimu sana kwa akili iliyotumika pale, lakini naelewa kabisa kwa nini pinyin ndo imebeba umati: mtoto wa shule China anafundishwa pinyin akiwa darasa la kwanza, kwa hiyo anapokuja kushika kompyuta tayari njia anaijua, hamna cha kujifunza upya. Naomba mlishike hilo, nitalitumia huko chini kwenye barua ya mwalimu.

Ila pinyin ina gharama. Wachina wengi waliozoea pinyin wanalalamika kwamba wakishika kalamu herufi wanaijua wakiiona, lakini mkono umesahau kuichora, kwa sababu miaka yote mkono ulikuwa unaandika sauti.

SWALI: Siku hizi skrini ni za kugusa, mtengenezaji hafungwi na vitufe vya plastiki. Kwa nini wasiweke herufi zote kwenye skrini moja kubwa mtu aguse anayoitaka, yaishe?

JIBU: Ilishafanyika tena kwa chuma. Kyota Sugimoto wa Japani alitengeneza mashine ya kuchapa mwaka 1915 yenye sinia la herufi karibu 2,400, na za Kichina zilikuwa na sinia la kama 2,500, mchapaji anasogeza mkono wa mashine mpaka juu ya herufi, anabonyeza, kipande kinanyanyuka kinagonga karatasi kinarudi. Zilifanya kazi maofisini miaka mingi sana, kwa hiyo sio kwamba haiwezekani. Shida ni jicho. Vitufe vichache vidole vinavikariri, baada ya muda huangalii tena, lakini herufi elfu mbili lazima uzitafute kwa macho kila mara, na kwenye skrini ya simu kila moja itakuwa ndogo kuliko ncha ya kidole.

Ila angalia walichofanya wachapaji wenyewe, hili mi hunisisimua kila nikilisoma. China miaka ya 1950 walianza kuyapanga upya masinia yao, badala ya kufuata mpangilio wa kamusi wakaweka karibukaribu herufi zinazopenda kuandamana, neno na mwenzake, ili mkono usisafiri mbali. Yaani wazo la kwamba herufi moja inaitabiri inayofuata, hili ambalo leo simu yako inalifanya kila unapochapa, lilianzia mikononi mwa watu wa ofisini na vipande vya herufi vya madini ya risasi kabla kompyuta haijawafikia.

Na kabla kidogo ya hapo, 1947, mwandishi Lin Yutang alionyesha New York mashine aliyoiita MingKwai, vitufe 72 tu. Unabonyeza kitufe cha umbo la juu la herufi, unabonyeza cha umbo la chini, kwenye kidirisha zinatokea herufi mpaka nane, unachagua kwa namba. Eleza, letewa, chagua. Ni kilekile kinachotokea leo kwenye simu ya Kichina, ila kwa magurudumu ya chuma bila umeme wa kompyuta wowote. Biashara haikwenda, aliingia madeni, mashine haikutengenezwa kwa wingi, na ile ya mfano ikapotea mpaka mwaka 2025 ilipoibuka kwenye chumba cha chini cha nyumba huko jimbo la New York na Chuo Kikuu cha Stanford kikaichukua. Nilifurahi siku hiyo kama vile ni ya babu yangu.

SWALI: Mimi nasoma isimu chuoni. Kiamhari kina herufi zaidi ya mia mbili, Kikorea nimesoma mahali kina elfu kumi na moja na kitu. Hivi na wao wanatumia orodha ya kuchagua kama Wachina? Na kama hawatumii, tofauti iko wapi?

JIBU: Swali zuri kweli, na jibu lake ndo linaloonyesha kwamba idadi ya herufi sio ugumu wenyewe. Cha kuangalia ni kama zile herufi zina mpango ndani yake au hazina.

Chukua mwandiko wa Kiethiopia, Kiamhari na Kitigrinya wanautumia. Kila konsonanti ina maumbo saba kufuatana na irabu: ለ ሉ ሊ ላ ሌ ል ሎ, zote za familia ya L. Ukiangalia ukutani kwenye chati unaona mia mbili na zaidi, lakini mwenye lugha yake haoni mia mbili, anaona konsonanti na irabu. Basi kibodi inamfuata yeye: unabonyeza l inakuja ል, ukiongeza u ile ile inageuka ሉ mbele ya macho yako. Hakuna orodha, hakuna kuchagua. Kigugumizi kinakuja sehemu moja tu, pale ambapo kuna herufi mbili au tatu ambazo kwa Kiamhari cha leo zinasomwa sawa, kama ሰ na ሠ, au ሀ na ሐ na ኀ. Sauti haitoshi kuzitenganisha, kwa hiyo kila mbunifu ameamua kivyake, mmoja anaweka ya pili kwenye shifti, mwingine anataka ubonyeze mara mbili. Mtu akihama kutoka kibodi moja kwenda nyingine kinachomsumbua zaidi ni hivi vitu vidogo.

Kikorea ni kizuri zaidi. Hiyo elfu kumi na moja uliyosoma ni 11,172, ni idadi ya silabi zote zilizopewa namba kwenye Unicode, ile orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi namba yake. Ila hizo silabi zimejengwa kwa herufi 24 za msingi, konsonanti 14 na irabu 10, na mwandiko wenyewe ulitangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446. Kibodi ya kawaida inaweka konsonanti upande wa mkono wa kushoto na irabu mkono wa kulia, na kwa sababu silabi ni konsonanti irabu konsonanti irabu, mikono inapokezana. Programu ndo inazipanga kwenye boksi. Ukichapa ㄱ kisha ㅏ kisha ㄱ unapata 각, gak, lakini ukiongeza ㅏ nyingine ile ㄱ ya mwisho inatoka kwenye boksi la kwanza inahamia la pili, inakuwa 가가, gaga. Mashine inajisahihisha nyuma yako na hujafanya lolote. Mi hapo naona ubunifu uliokomaa, kibodi inakubali kwamba wakati mtu anabonyeza bado haijajulikana silabi itaishia wapi, na inasubiri.

India nao wana mpangilio wa kibodi unaoitwa InScript, wa mwaka 1986, irabu kushoto na konsonanti kulia, na sauti moja inakaa kitufe kilekile kwenye miandiko yao mbalimbali, kwa hiyo aliyezoea kuchapa Kihindi akikaa kuandika Kibengali vidole tayari vinajua k iko wapi.

Wajapani wao wako katikati. Silabi zao za kana ni chache, kwenye simu wanatumia vitufe kumi na mbili tu, unagusa あ unapata a, ukiburuza kidole kushoto i, juu u, kulia e, chini o. Inaenda mbio ajabu. Ila kanji, zile herufi walizozitoa Kichina, zinawarudisha kwenye orodha kama Wachina, na mashine ya kwanza kuuzwa ya kugeuza kana kuwa kanji, Toshiba JW-10 ya 1978, ilikuwa kubwa kama meza na bei yake yen 6,300,000.

SWALI: Kaka samahani lakini mi naona mnajisumbua. Vijana tunaelewana bila hizo alama. Mwenzangu anaandika Kiarabu kwa 3 na 7, mwingine Kitwi cha Ghana anaweka 3 na mabano, na mambo yanaenda. Si tuache tu herufi hizi maalum zife?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza hao wenzako nawavulia kofia. Mtu wa Kitwi hana ɛ wala ɔ kwenye simu yake, akaangalia vitufe, akaona 3 inafanana na ɛ iliyogeuzwa na ) inafanana na ɔ, akaandika "me d) wo", yaani nakupenda, na mpenzi wake akaelewa. Kiarabu vilevile, 3 inasimama badala ya ع na 7 badala ya ح. Watu walijitengenezea njia pale ambapo watengenezaji wa simu hawakuwawekea.

Ila kuacha herufi zife nakukatalia moja kwa moja. "Me d) wo" mkiwa wawili inatosha, lakini ukiitafuta kwenye kamusi haipo, ukiiweka kwenye programu ya kusoma kwa sauti itasoma mabano, mtoto akijifunzia hapo ataingia mtihani na mabano, na kila mtu anaandika kivyake kwa hiyo hata maandishi yakikusanywa huwezi kuyafanyia kitu. Lugha inabaki ya meseji, haiingii kwenye kitabu wala fomu wala sheria.

Na huhitaji kuchagua kati ya wepesi na usahihi, angalia Wavietinamu. Kivietinamu kimejaa alama, irabu moja inabeba mbili kwa pamoja, juu na chini. Wao wana mtindo unaitwa Telex, jina limetoka kwenye mashine za kutuma maandishi kwa waya ambazo hazikuwa na alama, ikabidi watu wakubaliane kuziandika kwa herufi za kawaida. Unachapa "tieengs Vieetj" kwenye kibodi ya kawaida kabisa, inatokea "tiếng Việt". Mbili za e zinatengeneza ê, s inaleta toni ya kupanda, j inaleta nukta ya chini. Yaani ule mkato wa mtaani umebaki kwenye vidole, na kwenye skrini imekuja lugha kamili. Kwa hiyo ile 3 ya rafiki yako isitupwe, ipewe kazi: aibonyeze, kibodi iandike ɛ. Mbunifu mwenye busara anaanza kwa kuangalia watu wameshajizoesha nini, na hao vijana wameshamaliza nusu ya kazi.

SWALI: Nikitumiwa meseji za lugha fulani naona viboksi vitupu tu. Niweke kibodi gani?

JIBU: Hapo kibodi haihusiki, inayokosekana ni fonti. Herufi ili ifike kwako inahitaji vitu vitatu, iwe na namba kwenye Unicode, simu iwe na fonti inayojua kuichora, na aliyeandika awe na kibodi. Mwandiko wa Adlam wa Kifula ulibuniwa Guinea mwaka 1989 na ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, wakiwa bado wadogo, ukaingia Unicode 2016, na hata baada ya hapo simu za zamani ziliendelea kuonyesha viboksi kwa sababu fonti haikuwemo. Sasisha simu, au pakua fonti za Noto, ni za bure.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu niliyestaafu, naandika hadithi za watoto kwa lugha yetu ya mama. Tuna irabu saba, mbili kati yake zina nukta chini, ẹ na ọ, na juu yake kuna toni ya kupanda na ya kushuka. Nimehesabu irabu zote na toni zake, kubwa na ndogo, nimepata 42. Kijana mmoja aliniambia itabidi nitengenezewe kibodi maalum ya gharama. Sasa hivi naandika bila alama, nachapisha, nazijaza kwa kalamu. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na hiyo kalamu imeniuma. Wala huhitaji kibodi maalum, na hizo 42 zisikutishe. Unahitaji vitufe vinne: kimoja cha ẹ, kimoja cha ọ, kimoja cha toni ya kupanda, kimoja cha kushuka. Basi. Shifti inakupa herufi kubwa, na irabu na toni zinakutana zenyewe.

Sasa vitufe vinne vinatoka wapi? Angalia kama lugha yenu ina herufi zisizotumika, nyingi hazina q wala x. Wengi wanavichukua hivyo, na mi nakubaliana nao kwa sharti moja, q na x zenyewe zisipotee kabisa, zikae kwenye Alt ya kulia, kwa sababu siku moja utataka kuandika anwani ya tovuti au jina la mtu. Toni ziwekwe mahali pazuri panapofikika kwa vidole vyenye nguvu, sio kule pembeni kwenye kidole cha mwisho, manake kwenye lugha ya toni utazigusa karibu kila neno. Kama una kurasa za hadithi zako zenye alama kamili, mpe mtu ahesabu ipi inatokea zaidi, hiyo ipewe sehemu bora.

Jambo la pili ni mfuatano, na hapa ndo wabunifu wengi wanawatesa watu. Mashine za zamani za kuchapa zilitaka ubonyeze alama kwanza ndo herufi, kwa sababu kitufe cha alama kilipiga bila karatasi kusogea, afu herufi ikaja kukaa palepale. Ilikuwa ni shida ya chuma tu, lakini kompyuta ziliirithi na mpaka leo kibodi nyingi zinaanza na alama. Mwalimu, wewe ukifundisha watoto toni unaanza na nini? Bila shaka irabu, kisha unaipandisha au unaishusha. Basi kibodi yako iende hivyohivyo, irabu kwanza toni baadae. Ndo lile nililosema kwenye pinyin, mtu afuatwe kule alikozoea. Na ina faida nyingine, ukikosea toni unagusa kitufe cha toni tena inabadilika, irabu inabaki.

La tatu halionekani kwa macho lakini litakusumbua miaka kama halikushughulikiwa mwanzoni. Hiyo ọ́ yako, o yenye nukta chini na toni juu, haina namba moja kwenye Unicode, na hawataiongeza kwa sababu wameshaamua herufi inayoweza kujengwa kwa vipande ijengwe kwa vipande. Kwa hiyo inahifadhiwa kama vipande vilivyopangana, na kuna njia nne za kuvipanga: o kisha nukta kisha toni, o kisha toni kisha nukta, ọ iliyo tayari kisha toni, au ó iliyo tayari kisha nukta. Kwenye skrini zote nne zinafanana kabisa. Ila ukiandika hadithi kwa njia moja na mhariri akatumia nyingine, unaweza kutafuta jina la mhusika wako kwenye faili lako mwenyewe ukaambiwa halipo. Programu nzuri zinajua kuzisawazisha, si zote. Mwambie huyo atakaekutengenezea kwamba kibodi itoe mpangilio mmoja tu siku zote, haijalishi vidole vimepita njia gani, na mpangilio huo uwe ule wa kawaida unaoitwa NFC, ambao kwa herufi yako ni ọ iliyo tayari kisha toni. Akishangaa ukimtajia hilo, tafuta mwingine.

Na kama lugha yenu ina ng' kama Kiswahili, usikubali ile alama ya kunukuu ya kawaida, programu nyingi zinaihesabu kama kituo na zinalikata neno katikati. Ipo alama inayofanana nayo ambayo inahesabiwa kama herufi, namba yake kwenye Unicode ni 02BC.

Gharama? Programu ya kutengenezea kibodi inaitwa Keyman, ni ya bure, inasimamiwa na shirika la SIL, ilianza 1993 kwa ajili ya Kilao na sasa ina kibodi za lugha zaidi ya 2,000. Kabla hujatengeneza chochote tafuta humo jina la lugha yenu, inawezekana kuna mtu alishafanya. Isipokuwepo, kijana anayejua kompyuta kidogo anaweza kukuandikia kwa kanuni fupifupi, na ileile ikafanya kazi kwenye kompyuta na kwenye simu. Mac wana Ukelele, Windows wana programu yao ndogo ya kutengeneza mipangilio, zote bure, ila hizo mbili hazigusi simu.

Kwenye simu muwe waangalifu na kitu kimoja. Mazoea ni kuficha herufi za ziada nyuma ya kitufe, ushikilie kidole karibu nusu sekunde ndo kidirisha kitokee. Kwa herufi ya mara mojamoja sawa, kwa ẹ ambayo iko kila mstari ni mateso, mtu atachoka ataandika e tu na mtarudi kwenye kalamu. Ziwekeni mbele, hata kama vitufe vitapungua upana kidogo. Na zima masahihisho ya moja kwa moja mpaka mpate orodha ya maneno ya lugha yenu, Keyman inakubali kuwekewa orodha hiyo, na hadithi zako ndo mahali pazuri pa kuanzia kuikusanya.

Ikishakuwa tayari usiwafundishe watu kwanza. Wape wazee wawili watatu na watoto uliowafundisha, waambie andika jina la mama yako, andika methali moja, afu kaa kimya uangalie. Pale mkono unaposimama hewani ndo penye kosa la kibodi, hapo parekebishwe. Usikubali mbunifu akikwambia watazoea.

SWALI: Nimeweka kibodi ya kuongeza herufi kwenye simu ikaniletea onyo kwamba inaweza kukusanya kila ninachochapa, hadi neno la siri. Ni kweli au wanatutisha tu?

JIBU: Kweli tupu. Kibodi inaona kila mguso kabla ya programu nyingine yoyote, hata ujumbe unaofungwa kwa siri kubwa namna gani, kibodi imeshausoma kabla haujafungwa. Na hizi za lugha zenye herufi nyingi zina kishawishi zaidi, manake kutabiri kunakuwa kuzuri zaidi kwenye kompyuta kubwa ya kampuni kuliko kwenye simu yako, kwa hiyo baadhi zinatuma unachochapa huko nje zikuletee mapendekezo. Mwaka 2024 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walichunguza kibodi za pinyin za kampuni 9, wakakuta 8 zina udhaifu ambao mtu aliye kwenye mtandao huohuo angeweza kuutumia kusoma maandishi yakiwa njiani. Nyingi zilirekebishwa baada ya kuambiwa.

Sio sababu ya kuacha kuandika lugha yako. Ingia kwenye mipangilio uangalie kama hiyo kibodi inadai intaneti au ruhusa kamili, na kama kazi yake ni kuongeza herufi chache tu haina haja ya intaneti hata kidogo, inyime uone kama bado inachapa. Ikigoma, ifute utafute nyingine. Ikikubali, itumie kwa maandishi yako ya kawaida, na ukifika kwenye neno la siri la benki rudi kwenye kibodi iliyokuja na simu, ukimaliza urudi kwenye yako.